Raia wa Upanga

Lile nililosoma ukumbini, Mama Leokadia,
baada ya keki, kabla ya hotuba ya Katibu Mkuu,
lilikuwa la vina.
Nilisema wewe simba, nilisema wewe nanga,
watu wakapiga makofi, nawe ukatazama viatu vyako.
Hili ni jingine. Naliandika masjala,
viti vimekwisha kubebanishwa ukutani
na mvua ya masika inagonga kiyoyozi kibovu
kama mgeni asiyeiona kengele.

Miaka thelathini na minne umefanya kazi Upanga
bila kushika upanga.
Hukuwa na nyota begani. Ulikuwa na miwani
uliyoifunga kwa uzi wa majalada,
na ile sauti ya chini
iliyowafanya mabrigedia waketi tena
wapekue mifuko kutafuta stakabadhi.

Nakumbuka buti.
Wakala alileta sampuli katika boksi la rangi ya dhahabu,
ngozi inang'aa hata unajiona meno,
pamoja na barua ya mtu
ambaye jina lake tulilitaja kwa kunong'ona.
Ukamshukuru. Ukaagiza ndoo ya kupigia deki.
Ukalitumbukiza buti la kushoto, ukalifunika kwa gazeti,
ukaendelea na bajeti.
Siku ya nne akarudi kuchukua sahihi.
Ukalitoa: soli ikabaki ndooni, inaelea,
karatasi ngumu iliyopakwa gundi.
"Kuna mtoto wa mtu yuko mpakani, anavuka mto," ukasema.
"Ungemvalisha wako hili?"
Simu zililia wiki nzima. Ulizipokea zote,
ukazijibu kwa sentensi ile ile.
Na kile cheo kilichosemwa ni chako mwezi wa saba
kikapita dirishani kama nzi.

Na siku ile uwanja wa ndege, jeneza linashushwa,
bendera, bendi, bunduki, kila kitu kwa hatua zake,
wewe ulikuwa nyuma, kamera zisikofika,
umeshika mkoba wa mjane
na ndara moja ya mtoto; ya pili haikuonekana.
Marehemu alikuwa na majina mawili:
Luhende kwenye kiapo, Lohende benki.
Kwa irabu moja watoto wanne wangelala na njaa.
Ulishuka huku kwangu, ukavua viatu, ukapanda ngazi,
ukateremka saa mbili usiku na jalada kwapani
na vumbi kwenye nyusi.

Si kwamba hukukosea.
Ulinifokea mbele ya watu
kwa faili lililokuwa ndani ya droo yako.
Kuomba radhi hukujua.
Kesho yake nilikuta mihogo ya kukaanga kando ya mhuri,
bado ya moto, pilipili imefungwa peke yake.

Leo jioni ulikabidhi kitambulisho, ukatia sahihi,
ukatoka. Nje ya geti ukakumbuka mwavuli.
Ukarudi.
"Kitambulisho, mama," akasema Masanyiwa, askari wa zamu.
"Nimekabidhi, mwanangu. Si unanijua?"
"Nakujua. Huwezi kuingia."
Akakuonyesha waraka nyuma ya kioo:
*bila kujali cheo, sura wala mazoea.*
Ukausoma wote, unalowa,
mpaka chini, kwenye sahihi yako.
Nilikuwa dirishani. Nilisikia ukicheka,
kicheko ambacho ofisi hii haijawahi kukisikia.
"Sawasawa," ukamwambia. "Sawasawa kabisa."

Nikakuletea mwavuli. Njiti moja imevunjika.
Ukaufungua, ukaruka dimbwi, ukaingia barabarani
kati ya watu wanaorudi makwao,
raia kama walivyo raia.
Masanyiwa, ambaye kanuni haimpi ruhusa
kumpigia saluti asiye na sare,
alisimama wima hadi ukakata kona.
Mkono ulibaki ubavuni.
Vidole tu ndivyo vilivyotikisika.